Ujumbe Umekwama Wapi? Kutatua hitilafu za huduma ndogo ya SMS

Mama anayeuza samaki soko la Kibuye, Kisumu, anatuma ujumbe wa maneno mawili: OMENA 3. Maana yake ameuza madebe matatu. Akituma BEI anapata bei iliyotangazwa asubuhi ufuoni Dunga. SALIO inampa hesabu yake ya chama. FUTA inaondoa rekodi yake ya mwisho. Nyuma ya hayo kuna kampuni inayopokea SMS kutoka mitandao ya simu na kuzigeuza kuwa maombi ya HTTP, kisha seva yako, programu fupi, na faili moja ya hifadhidata ya SQLite. Hakuna cha ajabu hapo. Hata hivyo huduma ya namna hii huharibika kwa njia nyingi kuliko ukubwa wake, na karibu zote huleta lalamiko lile lile: "Nimetuma, hakuna kitu."

Mifano yangu ni ya Python na Flask, maktaba yake ya kupokea maombi ya wavuti. Ukitumia kitu kingine majina yatabadilika, magonjwa yatabaki.

## Kabla ya dalili yoyote: hifadhi ujumbe mbichi

Programu nyingi husoma ujumbe, huuchambua, hutenda kazi, halafu huandika matokeo. Uchambuzi ukianguka, ujumbe umekwenda na hakuna alama. Geuza mpangilio. Jambo la kwanza baada ya ombi kufika ni kuliandika jinsi lilivyo, bila kusafisha hata herufi moja:

```
CREATE TABLE ghafi (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  kitambulisho TEXT UNIQUE,
  nambari TEXT,
  maandishi TEXT,
  ulifika TEXT DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP,
  hali TEXT DEFAULT 'mpya'
);
```

`kitambulisho` ni kile kinachotolewa na kampuni ya SMS kwa kila ujumbe. `hali` huanza ikiwa 'mpya', ikaishia 'tayari' au 'haukueleweka'.

Jedwali hili linagawa kazi ya upelelezi. Mtu akilalamika, tafuta nambari yake humo. Usipouona ujumbe wake, tatizo liko mlangoni, na huna haja ya kusoma msimbo wa hesabu za chama. Ukiuona na hali bado ni 'mpya', programu ilianguka njiani. Ukiona 'haukueleweka', ni kielekezi, yaani ile sehemu inayoamua ujumbe uende kwa kitendaji (function) gani. Ukiona 'tayari' na hesabu bado ina makosa, shika hifadhidata. Nimeona watu wakibadilisha kielekezi siku nzima kwa sababu ya ujumbe ambao haukuwahi kufika kwenye seva.

Jedwali hilo lina nambari za simu na habari za fedha za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na haisamehi kwa kuwa huduma yako ni ndogo. Weka muda wa kufuta maandishi ya zamani, na usitembee na nakala kwenye flashi.

## Dalili: ujumbe haumo kabisa kwenye ghafi

Anza kwa kujitumia ombi mwenyewe, kwanza ukiwa ndani ya seva, kisha ukiwa nje. Likifaulu ndani na kushindwa nje, sababu ya kawaida ni kwamba Flask ikiwashwa bila maelekezo husikiliza 127.0.0.1, poti 5000. Anwani hiyo husikika na mashine yenyewe tu. Tiba nzuri ni kuweka Nginx, programu ya seva ya wavuti, mbele ipokee maombi ya nje. Ukijaribu kutoka nje, tumia bando ya simu yako, kwa sababu Wi-Fi ya ofisi iliyo kwenye mtandao mmoja na seva inaweza kukudanganya kwamba mlango uko wazi.

Kama seva ni laptopu yako sebuleni Nyalenda, kuna shida nyingine. Mara nyingi intaneti ya nyumbani na ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya umma, na ombi linalotoka nje halina namna ya kukufikia. Utahitaji seva ya kukodi, au huduma ya kukupitishia maombi unapojaribu.

Ombi likifika kwa Nginx lakini halifiki kwa programu, soma logi ya Nginx uangalie nambari ya jibu. 404 ni njia isiyokuwepo: huenda uliandika `/pokea` na kampuni inatuma `/pokeya`. 405 ni njia iliyopo inayokataa aina ya ombi. Ukiona 301 ikifuatwa na 405, umempata mhalifu. Uliwasajilia anwani inayoanza na `http`, Nginx ikaelekeza upya kwenda `https`, na mtumaji alipofuata aligeuza POST kuwa GET. Watumaji wengine hawafuati kabisa, utaona 301 peke yake na kimya. Sajili anwani kamili ya mwisho, yenye `https`, na mkwaju wa mwisho uwepo au usiwepo kama ulivyoandika kwenye njia.

Huduma iliyofanya kazi vizuri miezi mitatu kisha ikanyamaza usiku mmoja, angalia cheti cha TLS, kile kinachowezesha `https`. Vyeti vya Let's Encrypt vimezoeleka kuwa vya siku 90, na kazi ya kuvihuisha ikikwama hakuna anayekupigia simu.

Ombi likifika na mstari ukaandikwa ukiwa mtupu, mtumaji na wewe hamsemi lugha moja: anatuma JSON, wewe unasoma fomu, au kinyume chake. Chapisha mwili wa ombi ulivyo kwenye logi mara moja uone kwa macho. Na unapojaribu kwa curl, amri ya kutuma maombi ya HTTP, jihadhari na alama ya kujumlisha. Kwenye data ya fomu, `+` husomwa kama nafasi tupu, kwa hiyo `+2547` hugeuka kuwa ` 2547` na utamtafuta mwanachama asiyekuwepo. Hii inasimba alama hiyo inavyotakiwa:

```
curl -i https://seva-yako/pokea \
  --data-urlencode "nambari=+2547XXXXXXXX" \
  --data-urlencode "maandishi=OMENA 3"
```

## Dalili: umefika, lakini jibu ni "Sijaelewa"

Hapa usikisie. Chukua maandishi kutoka kwenye ghafi na uyachapishe kwa `repr()`, ambayo huonyesha kila herufi iliyojificha. Utaona mambo ambayo kioo cha simu hakionyeshi: nafasi mwishoni, mstari mpya, `\xa0` ambayo ni nafasi isiyo ya kawaida iliyonakiliwa kutoka WhatsApp, nukta iliyoongezwa na simu yenyewe. Watu nao huandika wanavyoongea: "Omena.", "omena3", "3 omena", "OMENA  2.5".

Wazo la kwanza la wengi ni kugeuza kila kisicho herufi wala tarakimu kuwa nafasi tupu. Hapo "2.5" inakuwa 2 na 5, na mama aliyeuza madebe mawili na nusu anaandikiwa mawili. Afadhali kuokota vipande unavyovijua:

```
import re, unicodedata

def safisha(maandishi):
    m = unicodedata.normalize("NFKC", maandishi).lower()
    m = m.replace("\u2019", "'")
    return re.findall(r"[a-z']+|\d+(?:\.\d+)?", m)
```

"omena3" inatoka ikiwa vipande viwili, "2.5" inabaki nzima, na `\xa0` inageuzwa nafasi na NFKC, kanuni ya Unicode ya kusawazisha herufi. Bado "1,500" itatoka kama 1 na 500. Usijaribu kuwa mjanja: kitendaji kinachotarajia nambari moja kikipata mbili, kikatae na kimwombe mtu aandike bila koma. Orodha inaweza pia kutoka tupu, mtu akituma emoji ya kidole gumba peke yake, kwa hiyo usiguse kipande cha kwanza kabla ya kuhakikisha kipo.

Mstari wa `\u2019` unahusu ritifaa. Simu nyingi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na NFKC haigusi hiyo. Kwa huduma ya Kisumu hili si jambo dogo. Ukikubali idadi kwa maneno, na ukubali, basi pamoja na "moja, mbili, tatu, nusu" utaweka za Kijaluo: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Bila mstari huo, mteja anayeuza debe moja, mawili, matatu hana shida yoyote. Akiuza manne anaambiwa hajaeleweka. Hitilafu inayotokea kwa idadi moja tu humfanya mtu aone mashine ina wazimu.

Kuhusu makosa ya tahajia, nina msimamo. Mtu akiandika "bie" badala ya "bei", unaweza kukisia, kwa sababu kumpa bei asiyoihitaji hakumdhuru. Kwa ujumbe unaobadilisha hesabu, usikisie kamwe. Mwambie hujaelewa, mpe mfano mmoja, basi. Kisha kila wiki pitia mistari yenye 'haukueleweka'. Ndipo utakapojua maneno ambayo wateja wako wanayatumia kweli, na mengi hukuyafikiria ulipokuwa ukiandika programu.

## Dalili: ujumbe umekwenda kwa kitendaji kisicho chake

Mama ametuma FUTA OMENA 3 na badala ya kufutiwa ameandikiwa madebe mengine matatu. Ukifungua msimbo utakuta mstari unaouliza kama neno "omena" limo mahali popote kwenye ujumbe, nao uko juu ya ule wa "futa". Kielekezi cha namna hiyo ni makanga anayemsukuma ndani ya matatu kila aliyetamka Kondele, hata yule anayesema haendi Kondele.

Tafuta neno la kwanza la herufi, ulilinganishe zima:

```
kazi = {"omena": rekodi, "mbuta": rekodi, "ngege": rekodi,
        "bei": toa_bei, "salio": toa_salio, "futa": futa}

maneno = safisha(maandishi)
amri = next((n for n in maneno if n[0].isalpha()), "")
kazi.get(amri, sijaelewa)(nambari, maneno)
```

"3 omena" sasa inafanya kazi, kwa kuwa tarakimu inarukwa.

Njia za URL zina ugonjwa huo huo. Django na Express, fremu nyingine za wavuti, huchukua njia ya kwanza inayolingana, kwa mpangilio ulioziandika. Ukitanguliza `/samaki/<jina>` kabla ya `/samaki/bei`, mtu anayetaka bei atatafutiwa samaki anayeitwa bei. Flask huzipanga yenyewe kwa uhalisi wa njia, kwa hiyo aliyezoea Flask hushangaa akihamia kwingine.

Kisha kuna jibu la "1". Programu ilimuuliza mtu swali jana jioni, hakujibu, leo anatuma "1" akijibu kitu kingine kabisa. Swali lililo wazi ni hali unayoihifadhi kwa kila nambari, na hali hiyo inahitaji muda wa kufa. Dakika kumi zinatosha. Je, mtu akiulizwa swali halafu akatuma BEI? Amri inayojulikana ishinde swali lililo wazi. Mtu anayeuliza bei na kuambiwa "Jibu 1 au 2" ataizima simu.

USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na reli, ina hali yake. Kwa kiolesura cha Africa's Talking, kwa mfano, kila hatua inakuletea kitambulisho cha kikao na maandishi yote yaliyobonyezwa tangu mwanzo, yakitenganishwa na nyota: `1`, kisha `1*2`, kisha `1*2*50`. Jibu lako huanza na `CON` ukitaka kikao kiendelee au `END` kikiisha. Ukisahau neno hilo, mteja huona ujumbe wa hitilafu ingawa logi yako inaonyesha 200, yaani ombi limefaulu. Na ukisoma maandishi yote kama amri moja, hatua ya kwanza itafanya kazi na ya pili itakataa. Gawanya kwa nyota kwanza.

## Dalili: programu inasahau

Namna inavyosahau ndiyo inayokuambia sababu.

Ikisahau mara moja moja, mtu akiulizwa jina ambalo alishalitoa, kisha akituma tena anatambuliwa, hali yako iko kwenye kamusi ndani ya kumbukumbu ya programu. Gunicorn, inayoendesha programu ya Flask kwenye seva, mara nyingi hupangiwa michakato kadhaa, na kila mmoja una kamusi yake. Ujumbe wa kwanza ulishikwa na mchakato mmoja, wa pili na mwingine asiyejua lolote. Kwenye laptopu hukuliona kwa sababu kulikuwa na mchakato mmoja. Kupunguza michakato hadi mmoja huficha dalili hadi utakapowasha upya. Hamishia hali kwenye hifadhidata.

Ikisahau kila ukiwasha upya au stima ikipotea, ni kamusi hiyo hiyo, au umesahau `commit()`. Moduli ya sqlite3 ya Python, kwa kawaida yake, hufungua muamala (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa pamoja) yenyewe unapoandika, na muunganisho ukifungwa bila kuthibitisha, maandishi hutupwa kimya kimya. Dalili yake ya kipekee: ukisoma kupitia muunganisho ule ule data ipo, ukifungua faili kutoka dirisha lingine haipo.

Ikilalamika `no such table` baada ya kuihamishia kwenye systemd, inayowasha huduma kwenye Linux, tazama njia ya faili. `sqlite3.connect("chama.db")` hutafuta faili katika saraka ambayo programu imeanzia, na huduma ya systemd isiyopewa saraka huanzia `/`. SQLite isipolikuta faili haigombi, inaunda jipya, tupu. Tafuta kwenye diski utakuta mafaili mawili ya jina moja, moja likiwa na data yako yote, salama. Andika njia kamili, hakuna mjadala.

Ikisema hifadhidata ni ya kusomwa tu, ruhusa ya faili peke yake haitoshi. SQLite huunda mafaili ya muda kando ya faili kuu, kwa hiyo mtumiaji anayeendesha programu lazima aruhusiwe kuandika kwenye saraka yenyewe.

Na ikisahau kila unapopakia toleo jipya, uko kwenye mwenyeji ambaye diski yake hutupwa na kuundwa upya. Hapo omba diski ya kudumu au hamia PostgreSQL.

## Dalili: `database is locked`

Ujumbe huu huwaogopesha watu wakakimbilia hifadhidata kubwa. Kwa chama cha wauza samaki, SQLite inatosha na kubaki.

SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Wa pili husubiri. Moduli ya Python humpa sekunde tano kwa kawaida, kisha huleta hitilafu hiyo. Sasa jiulize: muamala gani kwenye programu ya chama unachukua sekunde tano? Kuongeza mstari huchukua muda usioonekana. Jibu karibu kila mara ni kwamba kuna kitu kisicho cha hifadhidata katikati ya muamala. Programu imeandika mauzo, haijathibitisha, na inasubiri kampuni ya SMS ikubali jibu la kutuma. Mtandao ukiwa mzito, kufuli limeshikwa wakati wote huo na wengine wako foleni. Thibitisha kwanza, tuma jibu baadaye.

Ukishafanya hivyo, washa `PRAGMA journal_mode=WAL`, inayowaacha wasomaji waendelee wakati mtu anaandika. Hiyo hubaki kwenye faili. `PRAGMA busy_timeout` ni ya kila muunganisho, kwa hiyo iweke kila unapofungua. Usiweke faili la WAL kwenye diski ya mtandao; haikuundwa kwa hilo.

Kuna sura moja ya hitilafu hii inayokuja papo hapo, bila kusubiri hata kidogo. Muamala ulianza kwa kusoma, mwingine akaandika katikati, kisha wa kwanza akataka kuandika naye. SQLite inamkataa mara moja kwa sababu alichokisoma kimepitwa. Kama unajua utaandika, anza na `BEGIN IMMEDIATE` na ushike nafasi yako mapema.

WAL ina deni lake upande wa nakala. Maandishi mapya hukaa kwanza kwenye faili la pembeni linaloishia `-wal`. Anayenakili `chama.db` peke yake wakati huduma inaendelea hubaki na nakala inayofunguka vizuri lakini haina mauzo ya mwisho. Tumia amri ya `.backup` ya sqlite3, kisha ifungue nakala yenyewe na ulinganishe idadi ya mistari ya ghafi.

## Dalili: salio haliko sawa

Hapa ndipo imani ya watu huisha, kwa hiyo tusikimbie.

Hesabu kwanza kama ujumbe umerudiwa. Kampuni ya SMS isipopata 200 mapema hudhani ujumbe haukufika na huutuma tena. Programu yako ilikuwa inafanya kazi, polepole tu, na sasa inaifanya mara mbili. Dalili: mauzo mawili yenye kitambulisho kimoja. Tiba ni lile neno `UNIQUE` kwenye jedwali la ghafi pamoja na `INSERT OR IGNORE`: mstari usipoongezeka, ujumbe unajulikana tayari, rudisha 200 na uishie hapo.

Usifunge kitabu bado. Itakuwaje ujumbe ukiandikwa kwenye ghafi, programu ikaanguka kabla ya kurekodi mauzo, halafu kampuni ikautuma tena? Utapuuzwa kama marudio, na mauzo hayataandikwa kamwe. Kwa hiyo panga hivi: kuandika ghafi ni muamala wa peke yake, unathibitishwa mara moja. Kurekodi mauzo na kubadilisha hali kuwa 'tayari' ni muamala mmoja wa pili, vyote viwili au hakuna. Kazi ndogo ya pembeni ipite kila dakika ikishughulikia mistari iliyobaki 'mpya'. Ukiwa na hiyo kazi, ombi lenyewe linaweza kurudisha 200 baada tu ya kuandika ghafi, na marudio mengi hutoweka.

Marudio ya binadamu ni kitu kingine. Mama hakupata jibu, au yuko mahali ambapo mtandao unapanda na kushuka, akatuma OMENA 3 tena. Vitambulisho ni viwili tofauti, na hakuna hesabu itakayokuambia kama ni ujumbe uliorudiwa au ameuza madebe matatu mengine. Ujumbe wa pili usiukatae, na usiupokee kimya. Uliza: "Umetuma OMENA 3 mara mbili. Jibu 1 kama ni mauzo mawili, 2 kama ni moja." Ukiona maswali haya yanaongezeka siku fulani, kagua majibu yako yanayotoka. Huenda mauzo yanaandikwa na majibu hayaondoki.

Kama hakuna marudio na salio bado linapungua, tafuta mahali ambapo programu inasoma salio, inaongeza kwenye Python, kisha inaandika. Michakato miwili ikisoma 1000 kwa pamoja, mmoja ukiongeza 300 na mwingine 500, mshindi ni aliyeandika mwisho na shilingi za mwenzake zimepotea. Acha hifadhidata iongeze yenyewe:

```
UPDATE wanachama SET salio = salio + 300 WHERE id = 7;
```

Mimi nisingehifadhi salio hata kidogo. Hifadhi kila ingizo kwenye mstari wake, la kuweka, la kutoa, la kufuta, na salio liwe jumla ya mistari. Kwa chama cha watu mia chache kompyuta haitahisi. Mtu akibisha, unamsomea ingizo moja moja, ugomvi unaisha. Na FUTA isifute kitu: iongeze ingizo la kinyume.

Fedha ziandike kwa nambari kamili, shilingi au senti. Kwenye Python 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na mhasibu wa chama hataki kusikia sababu.

Kama mtu mmoja ana salio mbili, angalia nambari zake. 07, 2547 na +2547 ni mtu yule yule, na siku hizi kuna 01 pia. Zibadilishe zote ziwe 254 ikifuatwa na tarakimu tisa kabla ya kutafuta mwanachama. Salio moja linalogombaniwa na watu wawili ni kisa tofauti: wanatumia simu moja. Wape nambari za uanachama.

## Dalili: omena ya leo imehesabiwa jana

Mashua za omena hutoka usiku na taa, na mauzo ya kwanza hufanyika kabla jua halijachomoza. `CURRENT_TIMESTAMP` na `date('now')` za SQLite hutoa saa ya UTC, na Kenya iko saa tatu mbele. Kwa hiyo kila kilichotumwa kabla ya saa tisa usiku kinaingia kwenye ripoti ya siku iliyopita. Msanidi anayejaribu programu mchana hawezi kuiona hitilafu hii. Acha hifadhi ibaki UTC, geuza unapotoa ripoti: `date(ulifika, '+3 hours')`. Kenya haibadilishi saa kwa majira, kwa hiyo hilo halitakuharibikia.

## Dalili: bili ya SMS imepanda, ujumbe haujaongezeka

SMS moja hubeba herufi 160 zikiwa zote za seti ya kawaida ya GSM. Ikipatikana herufi moja tu nje ya seti hiyo, ujumbe mzima huhamia usimbaji mwingine na nafasi hushuka hadi 70. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande hulipiwa. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye seti, iliyopinda haimo. Mtu aliandika kiolezo cha jibu kwenye programu ya kuchapa nyaraka, akanakili, na ndani yake kuna jina la mahali, "Nyang’oma", lenye ritifaa iliyopinda. Jibu la herufi 150 lililokuwa SMS moja sasa ni tatu, kwa kila mwanachama wa upande huo, kila siku. Pitisha kila jibu kwenye ubadilishaji ule ule wa `\u2019` kabla halijatoka, na andika kwenye logi limegawanyika vipande vingapi.